Nilikaribisha wachangiaji, mlango ukiwa umefungwa

Kwa miaka mitatu ukurasa wa mbele wa mradi wangu ulisema kila anayetaka kuchangia anakaribishwa. Ni programu ndogo ya kupanga picha, imeandikwa kwa C++: unaipa folda iliyovurugika, inazigawa picha kwa tarehe na kuzipa majina mapya. Leseni ni huria, msimbo uko wazi. Siku moja akatokea mtumiaji wa Windows aliyetaka kurekebisha kosa dogo la tarehe. Kazi yenyewe haizidi mistari minne. Alihangaika wikendi nzima kuijenga tu programu, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, kwenye mashine yake, akaniandikia kwa adabu kwamba ameshindwa, akaenda zake.

Nikafungua Windows kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yangu), nikafuata maelekezo yangu mwenyewe neno kwa neno. Nilikwama kabla hata ya kuanza kujenga.

Kwenye folda ya majaribio nilikuwa na picha niliyoiita aux.jpg. Kwenye Linux hilo ni jina kama jina lingine. Kwenye Windows, AUX ni jina lililotengwa tangu enzi za MS-DOS, pamoja na CON, PRN na NUL, na kuliongezea .jpg hakulisafishi. Git, zana inayohifadhi na kugawa msimbo, ikagoma kulitoa faili. Nilipolibadilisha jina, likaja tatizo la pili: nilikuwa na faili mbili, Tarehe.cpp na tarehe.cpp, moja ya zamani na moja mpya. Linux huziona mbili. Windows, na macOS ikiwa hujabadilisha mipangilio yake ya kawaida, huona jina moja tu, kwa hiyo moja ikaifunika nyingine. Tangu siku hiyo majina ya faili zangu zote ni herufi ndogo, bila nafasi, bila ubunifu. Nakushauri ufanye hivyo leo, mradi ukiwa bado mchanga.

Ila donda kubwa lilikuwa skripti. Nilikuwa nazo saba, zote za bash, lugha ya amri iliyozoeleka kwenye Linux: ya kujenga, ya kuendesha majaribio, ya kufungasha toleo na kadhalika. Nilizichukulia kama vumbi la karakana, kitu kisichohesabiwa kwenye programu yenyewe. Kumbe mgeni hukutana nazo kwanza. Zikimkatalia, huo msimbo unaojivunia hataufikia.

Na usifikiri Windows ndiyo peke yake yenye matatizo. Mwenzangu mmoja mwenye Mac alizijaribu zikamfia vilevile. Amri ya sed -i, ya kubadilisha maandishi ndani ya faili, ninayoiandika nikiwa nimefumba macho, kwenye macOS hudai kwanza kiambishi cha nakala ya akiba, hata kama ni tupu, kwa hiyo iliyameza maelekezo yangu ikidhani ndiyo kiambishi. Halafu bash inayokuja na macOS ni toleo la 3.2, la mwaka 2006. Apple waliishia hapo kwa sababu matoleo yaliyofuata yako chini ya leseni ya GPLv3. Mimi nilitumia declare -A, ya kutengeneza jedwali la majina na thamani zake, kwa raha zangu, nayo ilikuja na toleo la 4.

Nilizitupa zote saba, nikaandika moja ya Python inayotumia pathlib, maktaba yake ya kushughulikia njia za faili, ili nisiunganishe njia za faili kwa mikwaju ya mkono tena. Makefile, faili ya maelekezo ya kujenga niliyoisuka mwenyewe, nikaibadilisha kwa CMake, zana inayotengeneza maelekezo hayo kwa kila mfumo. Sitakudanganya, lugha ya CMake ni mbaya, na kuna jioni nilizoitukana. Lakini ilizaliwa kwa shida kama hii yangu: kampuni ya Kitware waliianza karibu mwaka 2000 kwa ajili ya Insight Toolkit, programu ya picha za kitabibu iliyopaswa kujengeka kwenye mifumo mingi. Haikulazimishi kutumia zana zangu. Mwenye Visual Studio, zana ya kuandikia programu kwenye Windows, humtengenezea mradi wa Visual Studio, mwenye Xcode ya Mac vivyo hivyo, nami napata faili zangu za Ninja, zana ninayojengea. Ningekuwa naanza leo ningeitazama Meson pia, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo, maana inasomeka vizuri zaidi.

Miisho ya mistari, yaani alama zisizoonekana zinazofunga kila mstari na ambazo Windows na Linux huziandika tofauti, nayo ina vita vyake vya zamani. Weka faili ya .gitattributes yenye * text=auto tangu siku ya kwanza, Git ikushughulikie, usonge mbele.

Kuna watakaokuambia: waache wenye Windows watumie WSL, Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Naitumia mwenyewe, ni kitu kizuri. Lakini kumwambia mtu asimike Linux ili arekebishe kosa linalotokea kwenye Windows ni kumwalika mgeni na kumtaka aje na kiti chake.

Baada ya hapo niliweka majaribio ya kujiendesha. GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, hutoa mashine za Linux, Windows na macOS bila malipo kwa miradi ya umma, kwa hiyo kila badiliko hujengwa kwenye zote tatu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata msimbo haukuwa safi kama nilivyojidai. Ukubwa wa faili nilikuwa nauhifadhi kwenye long, aina ya namba ya C++, ambayo kwenye Linux ya biti 64 ina biti 64, lakini kwenye Windows ina biti 32 tu. Video ikivuka GB 2, programu iliiona ina ukubwa hasi. Sasa natumia int64_t, ambayo ni biti 64 kokote.

Lakini mashine hizo zisikupumbaze. Huja zimeshasheheni kompaila (programu za kugeuza msimbo) na maktaba za kila aina, tofauti na kompyuta ya mtu aliyeanza jana. Kabla ya kila toleo kubwa nafungua mashine pepe tupu, ya Windows, na kuanza na maelekezo yangu kama mgeni. Mara ya mwisho ilinichukua dakika ishirini na mbili, na sehemu kubwa ilikuwa kusubiri Visual Studio ishuke.

Lile kosa la tarehe nililirekebisha mwenyewe miezi kadhaa baadaye. Kweli ilikuwa mistari minne. Nilimwandikia yule bwana kumjulisha. Hakujibu, na simlaumu.