Nyumba mpya, joto la tanuri

Shikamoo fundi. Tumehamia nyumba yetu mpya huku Goba, Dar es Salaam. Ikifika saa tisa mchana sebuleni hakukaliki bila kiyoyozi, na umeme wa LUKU haufiki mwisho wa wiki. Mume wangu anataka tufunge kiyoyozi cha pili. Picha ya nyumba nimeambatanisha. – Mama wa Goba

Marahaba, mama. Mwambie mzee asubiri kwanza. Naona bati la rangi ya makaa na kioo kipana kinachotazama magharibi. Fasheni ya siku hizi, lakini bili mnalipa nyie.

Dar jua hupita karibu utosini, kwa hiyo joto kubwa linaingilia paani. Mafundi wameziba kingo zote za paa ili papendeze. Hewa ya moto imenaswa darini, na ile jipsamu juu ya vichwa vyenu imegeuka pasi. Toboeni matundu ya hewa pande mbili zinazotazamana, mweke na wavu (popo wa huko nawajua). Fedha ikipatikana, bati lipakwe rangi nyeupe.

Pazia zito halisaidii sana, maana jua likishapita kioo joto limeshaingia. Lizuieni nje. Jua la jioni huja chini chini, kibaraza kifupi halitakijali. Tundikeni pazia la mianzi au mpandishe pasheni kwenye nyaya.

Kiyoyozi mlicho nacho kiwekeni 25, mwashe na pangaboi. Pangaboi hula wati 70 hivi, kiyoyozi kidogo karibu 1,000.