Anza na kitabu cha gesti: kwa mnaoanza kazi ya takwimu za utalii Mbeya na Iringa

Kila mwaka wanakuja vijana wa mafunzo kwa vitendo, wengine wa vyuo vya hapa hapa Mbeya na Iringa, wengine wametoka Dodoma na Dar, na kazi wanayopewa siku ya kwanza ni ile ile: "Tutafutie takwimu za wageni." Wanafungua kompyuta, wanazikuta za taifa, wanachora grafu safi yenye mstari unaopanda, na ripoti inaishia hapo. Grafu ni ya kweli. Ila mwenye lodge pale Uyole ataiangalia, atashukuru, kisha atauliza kwa nini vyumba vyake vya nyuma havipati mtu mwezi wa tatu, na grafu haina jibu.

Wadogo zangu, za taifa mzijue, tena kwa kichwa. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020 ukaja Uviko, wakashuka hadi 620,867. Baada ya hapo 922,692 mwaka 2021, 1,454,920 mwaka 2022, 1,808,205 mwaka 2023, na 2,141,895 mwaka 2024. Sasa angalieni asilimia zinavyoweza kumchezea mtu. Ukisema mwaka 2021 utalii ulikua kwa karibu asilimia 49, hujadanganya. Ukisema mwaka huo huo tulikuwa chini ya 2019 kwa karibu asilimia 40, hujadanganya pia. Anayetaka kusifiwa atachukua ya kwanza, anayeomba msaada atachukua ya pili. Mkiletewa asilimia yoyote ya ukuaji, ulizeni kwanza imeanzia mwaka gani.

Jingine kuhusu hizo namba: wengi wa wale milioni mbili safari yao ilikuwa Zanzibar na hifadhi za kaskazini. Kusini tunapata sehemu yetu, lakini haipandi kwa mwendo ule ule, na kuchukua ukuaji wa taifa ukaubandika Mbeya au Iringa ni kupiga ramli. Nimeshaona mpango wa biashara wa lodge ulioandikwa hivyo: mwaka wa kwanza wageni kadhaa, miaka inayofuata ongeza asilimia ya taifa. Benki ilisoma, ikatabasamu.

Halafu kuna suala la nani anaitwa mtalii. Kitakwimu, mtalii ni mtu aliyetoka nje ya mazingira yake ya kila siku, akalala walau usiku mmoja, kwa muda usiofika mwaka, na hakuja kuajiriwa huko alikokwenda. Kwa maana hiyo mfanyabiashara wa Lubumbashi anayeingia Tunduma kwenda Kariakoo ni mtalii sawasawa na Mjerumani mwenye darubini anayetafuta ndege Ruaha. Ukisikia wageni wa mpakani wameongezeka, usikimbilie kununua Land Cruiser ya kukata juu. Tafuta sababu ya safari: biashara, kutembelea ndugu, mapumziko, kupita tu. Huko ndiko namba inakoanza kuwa na sura.

Na mwenzake wa ndani je? Mtu ametoka Dar kuja msibani Tukuyu, amelala siku tatu, amekula, amepanda bajaji, ameondoka na ndizi na parachichi kwenye buti la basi. Kwa tafsiri ile ile, naye ni mtalii. Lakini hakuna geti lililomwandika. Taifa lilihesabu watalii wa ndani 3,218,352 mwaka 2024, zaidi ya wale wa kimataifa, na mimi naamini kwa ukanda wetu huyu wa ndani ndiye anayelipa mishahara ya wahudumu wengi wa mapokezi kuliko yeyote. Kumwona inabidi umfuate anakolala.

Kabla ya kufika huko, tuzungumze kuhusu mageti, maana ndiko wengi wenu mtakakotumwa. Kila eneo lina daftari lake. Ruaha na Kitulo ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Misitu kama ya Mlima Rungwe iko TFS, wakala wa huduma za misitu. Mambo ya kale kama Isimila na Makumbusho ya Mkwawa pale Kalenga yana vitabu vyake. Vijiji vyenye maporomoko navyo vina risiti zao, au havina. Ukijumlisha vyote unapata jumla ya mageti yaliyopitwa, na watu ni wachache kuliko hapo. Familia moja inayotoka Dar, ikalala Mikumi, ikapanda Udzungwa kuona maporomoko ya Sanje, kisha ikaingia Ruaha, imeandikwa mara tatu. Kinyume chake kipo pia: barabara kuu ya Dar hadi Mbeya inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na kila siku abiria wa mabasi wanaona twiga na tembo kupitia dirishani bila kuandikwa popote.

Angalieni na miaka. Hifadhi hufanya hesabu kwa mwaka wa fedha, Julai hadi Juni. Namba za kuingia nchini hutolewa kwa mwaka wa kalenda. Ukizilaza kwenye jedwali moja, 2023/24 pembeni ya 2024, umelinganisha miezi ambayo nusu yake haifanani. Hili dogo limeharibu ripoti nyingi kuliko hesabu mbaya.

Ruaha kwa Iringa ni somo la peke yake. Geti liko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, na mtu angedhani wageni wa hifadhi wakiongezeka basi hoteli za mjini zinajaa. Lakini wageni wa kambi za bei kubwa wanatua kwa ndege ndogo uwanja wa Msembe, ndani kabisa ya hifadhi, wanalala humo, wanaondoka kwa ndege humo humo. Mji wa Iringa wameuona kwa juu, kama waliamka upande wa dirisha. Anayelala mjini ni yule wa gari: Mtanzania wa wikendi, mkazi wa kigeni wa Dar au Dodoma, msafiri wa barabara ndefu anayetoka Malawi au Zambia na hema lake. Kwa hiyo mkipewa namba ya Ruaha, ombeni igawanywe: waliokuja kwa barabara na waliokuja kwa ndege. Mwenye gesti Kihesa anahitaji ile ya kwanza tu.

Kuhusu majira, usikubali kalenda moja ya "msimu". Ruaha inajaa Juni hadi Oktoba, nyasi zikiwa fupi na wanyama wamesogea kwenye mto. Kitulo, ile tunayoita Bustani ya Mungu, iliyopata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, inachanua wakati wa mvua, kuanzia mwisho wa mwaka hadi karibu Aprili. Yaani maua yanafunguka hasa wakati barabara za Ruaha zimelowa. Na barabara ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba, yenye zile kona tunazoziita Hamsini na Saba, haina huruma na dereva mgeni wakati wa mvua. Ukichukua wageni wa Ruaha na wa Kitulo ukatoa wastani wa kila mwezi wa "Nyanda za Juu Kusini", vilele viwili vinakulana, na unabaki na mstari uliolala ambao haufanani na sehemu yoyote unayoijua.

Juu ya hizo mbili kuna kalenda ya tatu, ya watu wenyewe, na kwa Mbeya mjini hiyo ndiyo yenye nguvu. Desemba watu wanarudi nyumbani, Kyela, Rungwe, Mbozi, na mabasi yanaongezwa. Agosti kuna Nane Nane viwanja vya John Mwakangale, na wiki ile chumba cha kawaida kinauzwa kwa bei ya sherehe. Kuna mahafali ya vyuo, kuna mbio za Mbeya Tulia Marathon, kuna makongamano ya dini yanayojaza gesti bila chupa moja ya bia kuuzwa, na wenye baa wanalalamika kwamba "hakuna wageni". Kuna semina za serikali na mashirika, ambazo hufuata bajeti.

Sasa kitabu cha gesti. Kisheria kila nyumba ya kulala wageni inaandika: jina, anakotoka, anakokwenda, kazi, kitambulisho, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kwenye vitabu vingi vya zamani mpaka kabila. Wengi wanakiona ni mambo ya polisi. Mimi nakiona ndiyo rekodi bora ya mwendo wa wasafiri tuliyonayo kwenye barabara hii. Chukua safu mbili tu, anakotoka na anakokwenda, andika kwenye karatasi miji upande wa kushoto na miji juu, kisha weka alama kwenye kila kisanduku. Baada ya kurasa chache picha inajitokeza. Gesti moja ya Makambako itakuonyesha Songea na Dar zikirudiana, maana pale ndipo njia ya Njombe na Songea inapoachana na ya Mbeya. Ya Tunduma itakuonyesha majina ya miji ya Zambia na Kongo. Ya Tukuyu itakuonyesha Dar, Dar, Dar, na wote siku ya kuingia ni Alhamisi au Ijumaa. Huhitaji programu yoyote kwa hilo.

Kitabu kina tabia zake. Safu ya "kazi" imejaa "mkulima" na "biashara", kwa hiyo usijenge hoja juu yake. Kule kwenye vitabu vya makumbusho, mstari mmoja unaweza kuwa "Mwl. na wanafunzi 64", ukihesabu mistari umepoteza shule nzima, ukihesabu vichwa basi mmoja umebadilisha mwezi mzima. Andika vyote viwili. Kwenye gesti, tazama saa: aliyeingia saa nane mchana na kutoka saa kumi na mbili jioni amekuja kwa shughuli zake, muache, si mgeni wa kulala. Na saa nne usiku mhudumu amechoka, "anakokwenda" anaandika "safari". Mistari hiyo ihesabu pembeni, usiibunie mji.

Hesabu muhimu kuliko zote ni siku za kulala. Chukulia gesti ya vyumba 12, mwezi wa siku 30: ina nafasi ya kuuza vyumba mara 360. Wageni 200 waliolala siku moja moja, kila mtu chumba chake, wametumia 200. Wageni 60 waliokaa siku tatu tatu wametumia 180. Kwa vichwa wa kwanza ni zaidi ya mara tatu. Kwa mapato ya vyumba wanakaribiana, na wale 60 wamekula, wamefua, wameuliza njia ya Ziwa Ngozi na kumlipa kijana wa kuwaongoza. Ndiyo maana ripoti inayosema "wageni wameongezeka" bila kusema wamekaa muda gani huwa nairudisha.

Mfano wa kufuatilia: mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Abiria wa Dar kwenda Tunduma anaweza sasa kupita Iringa na Makambako akiwa amelala kwenye kiti. Ukikuta miji ya katikati imepungukiwa na wageni wa siku moja wakati abiria hawajapungua, hapo una swali zuri la utafiti, na jibu lipo kwenye saa za kuingia, ukurasa kwa ukurasa, kabla na baada. Vivyo hivyo na treni ya SGR iliyofika Dodoma mwaka 2024: wapo wanaoshuka pale na kuchukua barabara ya lami kwenda Iringa. Safu ya "anakotoka" itakwambia kama ni wengi au ni wale wawili watatu tunaowasikia wakisimulia.

Tahadhari moja ya kisheria. Majina, namba za simu na vitambulisho usivinakili wala kuvipiga picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtu aliyelala gesti hajakupa ruhusa. Chukua mji, tarehe, siku alizokaa, basi.

Namna ya kukipata hicho kitabu ni adabu tu. Usiende na barua mkononi kama mkaguzi wa kodi. Ingia, "Shikamoo mama," kaa, jitambulishe umetoka chuo gani na kazi yako itaishia wapi. Ukiwa Iringa au Njombe na mama akakuanza kwa "Kamwene", salamu ya huko, itikia, usiseme Kiswahili chako cha ofisini. Nenda saa nne asubuhi, wageni wameshatoka na usafi unaendelea, usiende jioni mabasi yanaposhuka. Na ukimaliza, mpelekee ukurasa mmoja: wageni wake wanatoka wapi, siku gani anajaza, siku gani anakosa. Ukirudi mwezi unaofuata bila kumwonyesha chochote, utaambiwa kitabu kimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amesafiri.