Vunja Kimoja, Ulambe: kwa wageni wa karakana ya vikombe vya umeme

Jana mchana nimekuta vikombe viwili vibichi, hivi vyetu vya kauri vinavyoshika waya wa umeme juu ya nguzo usiguse nguzo, vimeanikwa mlangoni, ubavu mmoja juani, mwingine kivulini. Aliyeviweka alitaka viwahi tanuru la Ijumaa. Namwelewa, na bidii yake naipenda. Lakini wadogo zangu, mwezi huu nimelisema jambo hili mara nne kwa mdomo, sasa naliandika.

1. Kausheni kivulini, na siku za mwanzo mfunike kwa nailoni. Upande unaowahi kukauka ndio unaowahi kusinyaa, na ufa huanzia shingoni, ndani, pasipoonekana.

2. Osheni kaolini, ule udongo mweupe wa kauri. Hii yetu ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, imo ndani ya mwamba wa mchanga. Ukiimwaga kwenye bolimili, ile mashine ya kusagia kwa mipira, kama ilivyotoka kwenye gunia, umeshaingiza kwatzi, yaani madini ya mchanga mweupe, usiyoihesabu, halafu juu yake unaongeza ile robo ya kwenye fomula. Nusu udongo, robo feldspa (madini yanayoyeyuka tanurini na kushikanisha vingine), robo kwatzi: hesabu hiyo ni ya udongo uliooshwa, ukakaushwa, ndipo ukapimwa. Tena kaolini hiyo haina mnato wa kutosha. Msipoichanganya na udongo wenye mnato itakatika mikononi wakati wa kuchonga. Uji wa udongo ukishapita kwenye chekeche, upitisheni kwenye sumaku kutoa chembe za chuma.

3. Mchanganyiko wetu husinyaa asilimia 12 tangu kuchongwa hadi kuiva. Kipimo kinachotakiwa kikiwa milimita 100, usichonge 112. Gawa 100 kwa 0.88, utapata karibu 113.6. Kila mgeni hukosea hapa, kisha anashangaa pini, kile chuma cha kushikia kikombe, haiingii.

4. Koni, vile vipande vya udongo vyenye ncha vinavyolainika na kulala moto ukifika kiwango chake. Hapa naomba mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili nilikabidhiwa tanuru peke yangu kwa mara ya kwanza, vikombe 64 vya laini ya kilovolti 11. Lengo lilikuwa nyuzi 1,280. Kipimajoto kilikuwa juu, na koni zote nikazipanga mbele ya tundu la juu, kwa sababu ndilo rahisi kuchungulia. Saa nane usiku koni ililala vizuri, nikazima. Nilipofungua, vyote vilikuwa vinang'aa kahawia kama asali. Nilifurahi mno.

Nilipovitoa, vya rafu ya chini vilikuwa vinene kidogo kuliko vya juu, kama milimita mbili. Niliona. Nilivishika viwili, kimoja kila mkono, nikaona. Nikajiambia ni kalibu imechakaa. Kumbe havikusinyaa kwa sababu havikuiva: moto wa chini haukufika, ila rangi yetu ya kung'arisha huyeyuka mapema, ikavifunika vyote sawasawa. Tulivipima kwa umeme vikiwa vikavu, vikapita. Maboksi mawili yakaenda kwa mteja.

Fundi wangu mkuu aliporudi safari alikiokota kimoja kilichobaki, akakitazama kitakoni, pale pasipopakwa rangi, akakitumbukiza kwenye ndoo hadi kesho yake. Kilipowekewa umeme kilitoboka, tundu jeusi la ncha ya sindano. Akakipiga nyundo, akanipa kigae: "Lamba." Ulimi ukanata. Kauri iliyoiva hainati, kigae chake ni laini kama kioo. Hiki kilikuwa kinakunywa mate yangu.

Siku ile ile nilimfuata mteja. Namshukuru Mungu maboksi yalikuwa bado stoo. Njia nzima nilikuwa namwaza kijana atakayepanda nguzo baada ya mvua, akiamini kile kikombe kimemtenga na kilovolti 11. Vya juu na vya chini vilikuwa vimeshachanganyika, na sikuwa nimeviandika alama. Tukavivunja vyote 64. Nilivunja mwenyewe, kimoja kimoja, na zaidi ya nusu vilikuwa vizima.

5. Kwa hiyo: koni juu, kati na chini. Namba ya rafu iandikwe kitakoni kwa oksidi, yaani rangi ya madini isiyoungua, maana wino wa kalamu huungua. Kila mchomo, kila rafu, vunja kimoja, ulambe, kisha vigae viloweshwe kwenye fuksini, ile rangi nyekundu ya majimaji, chini ya shinikizo. Ukivipasua ukakuta wekundu umeingia ndani, rafu nzima haitoki hapa, hata mteja akiwa amekaa mlangoni na gari lake.

6. Kwenye nyuzi 573 kwatzi hubadilika umbo na kujivimbisha, na ikipoa hurudi. Mpite hapo polepole, kupanda na kushuka. Anayefungua mlango wa tanuru kuchungulia likiwa bado jekundu nitamwondoa zamu.

Vile viwili vya mlangoni vimeshapasuka shingoni. Nimevirudisha kwenye pipa la kulowekea, udongo mbichi haupotei. Aliyevichonga aje kesho asubuhi mapema, tutavichonga tena pamoja.