Kupita shule ya kijijini ukiwa safarini: pipi ziache nyumbani

Mkuu, umeuliza kama kuna ubaya wewe na wenzako mkielekea Ziwa Eyasi msimame kwenye shule yoyote ya msingi njiani, mgawe pipi na kalamu, mpige picha kidogo, kisha muendelee. Njia hiyo nimeendesha watalii miaka tisa. Nilichokosea mimi usikirudie.

Msimu wangu wa kwanza, tumeshaiacha lami ya Karatu na vumbi limetujaa hadi kwenye meno. Karibu na Mang'ola, mashamba ya vitunguu yanaanza kuonekana, mgeni wangu akaona watoto wa shati jeupe na kaptula ya bluu wako mapumziko. Akataka nisimame, nikasimama. Akashusha kioo, akaanza kurusha pipi. Kufumba na kufumbua barabara imejaa, wakubwa wanawakanyaga wadogo, na fuso lililosheheni magunia likachomoza konani. Dereva alipiga breki hadi gari likakaa upande. Mungu saidia, hakuumia mtu.

Mwalimu mmoja wa kike akaja mbio. Hata hakumtazama mgeni. Alinijia mimi: "Kaka, huyu hajui. Na wewe je?" Niliwasha gari nikaondoka, sikumjibu.

Mwaka 2017 nilirudi peke yangu, nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, nikasaini kitabu cha wageni, nikaomba radhi. Mzee alicheka, akanitembeza. Tangu ada na michango ya lazima ifutwe Januari 2016, watoto walimiminika. Darasa la kwanza peke yake walikuwa zaidi ya 130, wakati mwongozo unataka 45 kwa darasa. Ruzuku ya uendeshaji kutoka serikalini ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo kulikuwa na fungu la vitabu. Piga hesabu mwenyewe.

Stoo ndiyo iliyonimaliza. Kompyuta tatu za msaada, shule haina umeme. Boksi zima la kalamu zilizokauka wino. Vitabu vya hadithi za watoto wanaocheza kwenye theluji. Vyote vililetwa na watu wenye nia njema, na hakuna aliyewahi kumuuliza mzee anapungukiwa nini.

Nilipomuuliza nilitegemea aseme madawati. Akanipeleka nyuma, vyooni. Upande wa wasichana matundu manne, mlango mmoja. Kanuni inasema tundu moja kwa wasichana 20. Hapo walikuwa mia tatu na kitu. Mabinti wa darasa la sita na la saba, wakiwa katika siku zao, wanabaki nyumbani.

Wageni wangu waliofuata, mtu na mkewe, niliwaeleza jambo hilo hilo. Tulinunua mbao, bawaba na makomeo Karatu, fundi akawa wa hapo hapo kijijini, risiti zikabaki kwa kamati ya shule. Gharama yote haikufikia bei ya usiku mmoja kwenye lodji waliyolala. Picha walipiga moja tu, ya mlango.

Kwa hiyo nenda, lakini mpigie mwalimu mkuu siku moja kabla. Namba iombe ofisi ya kijiji (mimi niliwahi kuiomba dukani, nikapewa ya mganga wa kienyeji). Akisema ngoja kwanza amjulishe afisa elimu kata, usinune. Anayeulizwa baadaye ni yeye. Juni na Desemba utakuta shule zimefungwa, na Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa. Fika baada ya vipindi: ukiingia katikati ya somo, darasa zima linasimama kukuamkia, na hesabu iliyokuwa ubaoni ndiyo imekwisha hiyo. Kumpiga mtoto picha, omba ruhusa ya mwalimu kwanza.

Kama kalamu umeshazinunua, jaribu kila moja inaandika, kisha mkabidhi mwalimu mkuu ofisini. Atazigawa siku ya mtihani wa muhula, kila mtoto yake, akiwa ameketi.