Maswali ya Wasomaji: Oili na Filta kwa Pikipiki za Safari Ndefu

Barua nyingi za mwezi huu zimeandikwa na watu waliozoea pikipiki ndogo za boda, kisha wakanunua kubwa zilizokwisha kutumika ili wazifanyie safari za Kabale, za Kidepo, au za kuvuka mpaka wa Busia kuelekea Nairobi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Swali (Mbarara): Ndugu Mhariri, nimenunua Suzuki V-Strom 650 iliyotumika, nayo ilikuja bila kitabu chake. Muuza duka mmoja ananiambia niweke 20W-50 kwa kuwa nchi yetu ni ya joto, wa pili anasema 10W-40, na wa tatu anashikilia kwamba oili ya gari haina tofauti na ya pikipiki isipokuwa bei. Nimfuate nani?

Jibu: Tuanze na huyo wa tatu, kwa sababu ushauri wake ndio unaoweza kukuingiza katika gharama. Katika magari mengi oili ya injini hulainisha injini peke yake, na giaboksi huwa na oili yake. Katika V-Strom, kama ilivyo katika pikipiki karibu zote za Kijapani, oili ile ile moja hulainisha injini, hupita katikati ya gia, na huilowesha klachi, ambayo pleti zake zinatakiwa kushikana barabara hali zimelowa. Oili nyingi za magari ya kisasa, hasa zile nyepesi kama 0W-20 na 5W-30, zimetiwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo, na kemikali hizo hizo huzinyima pleti za klachi nguvu ya kushika. Dalili huonekana kwanza ukiwa katika gia ya juu na mzigo nyuma, tuseme unapanda milima ya kuelekea Kabale: unaongeza mafuta, injini inazidi kunguruma, lakini mwendo hauongezeki. Ukiendelea hivyo pleti huungua, na hapo kubadilisha oili peke yake hakutatosha.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta kwenye kopo si jina la kampuni wala picha ya pikipiki iliyochorwa mbele. Tafuta alama ya JASO, yaani kipimo cha Kijapani kinachoitwa T 903, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1998 kwa sababu hiyo hiyo ya klachi. Oili yenye herufi MA inafaa klachi inayofanya kazi ndani ya oili. MA imegawanywa tena kuwa MA1 na MA2, na MA2 ndiyo inayoshika zaidi. Oili yenye herufi MB ni ya skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili, kwa hiyo usiiweke kwenye V-Strom hata ukipewa bure. Herufi za API (taasisi ya mafuta ya Marekani) kama SG, SJ, SL au SN zinaeleza jinsi oili inavyolinda injini dhidi ya uchafu na kulika, lakini hazisemi lolote kuhusu klachi. Na ukiona kwenye duara la API maneno ya Kiingereza «Resource Conserving», hiyo ni oili ya kubana matumizi ya petroli, mwachie mwenye gari.

Sasa tuje kwa wale wawili wa kwanza. Suzuki wenyewe hutaja 10W-40 kwa pikipiki hiyo, nami sioni sababu ya kuwapinga. Namba iliyo kabla ya herufi W huonyesha tabia ya oili katika baridi, na vipimo vyake ni vya baridi kali: 10W hujaribiwa ikiwa nyuzi 25 chini ya sifuri, na 20W nyuzi 15 chini ya sifuri. Hali kama hiyo hatuijui hapa, labda uende na pikipiki kwenye theluji ya Rwenzori. Hata hivyo asubuhi ya Kabale huweza kushuka mpaka karibu nyuzi 10, na katika ubaridi huo 20W huwa nzito zaidi na huchelewa kidogo kufika juu ya injini unapowasha. Namba ya pili huonyesha uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100: oili ya 40 huwa kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa oili inapotiririka) 12.5 na 16.3, na ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Joto la hewa ya Mbarara halibadilishi mengi hapo, kwa sababu injini yako ina radieta na feni ya kudhibiti joto lake, iwe jua ni kali au kuna mawingu. 20W-50 haitaiua injini hiyo, na kwa injini kuukuu iliyoanza kula oili huenda ikawa na nafuu yake, lakini kuiweka kwa hoja ya kwamba nchi yetu ni ya joto ni kukisia.

Liko jambo jingine ambalo wauza maduka hawalisemi. Oili za namba mbili hupewa uwezo wake kwa kuongezwa polima ndefu zinazozuia oili isiwe nyepesi mno inapopata moto, na meno ya gia huzikatakata polima hizo kila zinapopita katikati yake. Ndiyo maana oili ya pikipiki hupoteza uzito wake mapema kuliko oili ile ile ikiwa ndani ya gari, na 40 yako yaweza kushuka hadi kiwango cha 30 kabla hujamaliza mwendo ulioupanga. Mafundi husema oili imekuwa maji, na wako sahihi. Dawa yake ni kuibadilisha kwa wakati.

Swali (Kampala): Je, kuna faida ya kweli kununua oili ya sinthetiki kwa bei mara mbili au zaidi? Na nitajuaje kwamba niliyoinunua si feki?

Jibu: Faida ipo. Oili ya sinthetiki huhitaji polima chache zaidi, hivyo huhimili gia kwa muda mrefu, na haiharibiki upesi injini inapochemka katika foleni za Kampala. Lakini faida hiyo hupotea ikiwa gharama itakufanya uiache oili ndani ya injini kupita muda wake. Kwa mtu anayesafiri mara chache, oili ya kawaida yenye alama ya MA au MA2, ikibadilishwa kila kilomita 4,000 au 5,000, ni bora kuliko ya gharama kubwa iliyoachwa hadi ikawa nyeusi tititi kwa sababu mwenye pikipiki anaionea uchungu.

Kuhusu feki, tatizo kubwa ni makopo halisi yanayojazwa tena, na kopo la namna hiyo lina lebo sahihi kabisa. Kagua pete ya kifuniko kama haijakatika na kubandikwa gundi, na karatasi ya fedha iliyo chini ya kifuniko kama imeshikana sawasawa pande zote. Nunua katika kituo cha mafuta kinachouza oili za kampuni yake yenyewe, kama vile Shell Advance au Hi-Perf ya TotalEnergies, au kwa wakala anayetoa risiti yenye jina lake. Zaidi ya hapo, oili iliyosajiliwa kwa kipimo cha JASO huwa na kisanduku kidogo nyuma ya kopo chenye namba ya usajili, na orodha ya oili zote zilizosajiliwa hutolewa hadharani na JALOS, shirika la Kijapani linaloshughulikia vilainishi. Kopo lenye herufi MA zisizo na kisanduku wala namba laweza kuwa na oili nzuri, lakini hapo umebaki na neno la mwenye kiwanda tu. Na ukimaliza kopo lako litoboe kabla ya kulitupa, maana linaweza kurudi dukani likiwa limejazwa kitu kingine.

Swali (Moroto): Mimi ni mwongozaji wa watalii, naendesha Honda Africa Twin kati ya Moroto, Kotido na Kidepo. Vumbi la kiangazi ni jingi mno. Fundi wangu huiosha filta ya oili kwa petroli na kuirudisha, na safari moja alinifungia filta ya gari ndogo, ikaingia vizuri tu. Je, kuna madhara?

Jibu: Dada, yapo, na swali lako ndilo lililotupa kazi kubwa kuliko mengine yote mwezi huu.

Filta ya Africa Twin ni kopo la chuma lililofungwa, na ndani yake mna karatasi iliyokunjwa. Petroli hutoa tope la nje, lakini chembe zilizonasa ndani ya karatasi hubaki, na karatasi yenyewe hulegea; ikichanika, oili hupita kwenye tundu hilo bila kuchujwa, nawe hutajua kwa kuwa kopo halionyeshi ndani. Filta ikishatoka haina kurudi.

Ile filta ya gari iliingia kwa sababu magari mengi ya Kijapani yana filta yenye uzi wa M20x1.5 (yaani upana wa milimita 20), sawa na wa pikipiki nyingi. Uzi kukubali hakumaanishi kwamba filta inafaa. Ndani ya filta kuna vali ya dharura inayofunguka karatasi ikiziba au oili ikiwa nzito kwa baridi, ili injini isikose oili kabisa, na kiwango cha kufunguka kwake hupangwa kulingana na pampu ya injini husika. Ikifunguka mapema mno, oili chafu huzunguka muda wote. Ikichelewa, injini hukosa oili. Kuna pia mpira mwembamba unaozuia oili isirudi chini pikipiki inapolala usiku, na filta za bei ya chini huwa na mpira mgumu usiokaza, ndiyo maana asubuhi injini hugonga kwa sekunde chache kabla haijatulia. Kisha kuna duara la mpira wa nje. Likiwa na upana tofauti na mahali linapokaa, laweza kuvuja au kusukumwa nje kwa shinikizo, na katika pikipiki oili inayovuja hupeperushwa hadi kwenye tairi la nyuma. Kwa gari hilo ni doa tu chini ya injini. Kwako ni kuanguka.

Kwa Africa Twin omba filta ya Honda yenyewe, au ya kampuni ya HiFlo namba HF204, ambayo pia hutumika katika Yamaha Ténéré 700, hivyo wasafiri wenzako wanaweza kuwa nayo ya akiba. Ndugu yetu wa Mbarara mwenye V-Strom aombe HF138. Unapofunga filta mpya, hakikisha duara la mpira la ile ya zamani halikubaki limeganda kwenye injini, paka mpira mpya oili kidogo, kisha ukaze kwa mkono kama ilivyoandikwa kwenye filta.

Lakini vumbi la Karamoja haliingii injini kwa njia ya oili. Huingia na hewa, na mchanga mwembamba ukishapita kwenye filta ya hewa husugua silinda na pete za pistoni kabla filta ya oili haijapata nafasi ya kuukamata. Kwa hiyo usiwe mkali kwa filta ya oili huku ukiisahau ya hewa. Ikague kila baada ya siku chache za vumbi, wala usiruhusu ipulizwe kwa upepo mkali wa kompresa, kwa sababu upepo huo hupanua matundu ya karatasi. Honda wanataja oili ibadilishwe kila kilomita 12,000, lakini mwendo huo ni wa barabara njema. Kwa kazi yako ningeupunguza kwa nusu, na filta ya oili ibadilishwe kila mara pamoja na oili.

Usishangae pia ukisoma kwamba Honda wanapendekeza 10W-30 kwa pikipiki hiyo. Hiyo nayo ni ya JASO MA, wala si ile 5W-30 ya magari tuliyoitaja hapo juu.

Swali (Jinja): Africa Twin yangu inabadilisha gia yenyewe. Je, ina filta moja?

Jibu: Ina mbili. Ya pili ni ndogo ya karatasi, kwa ajili ya mfumo wa klachi mbili, nayo ina ratiba yake ya kubadilishwa. Mafundi wengi waliozoea pikipiki za kawaida hawaijui, kwa hiyo iulizie mwenyewe.

Swali (Entebbe): Rafiki yangu anatumia oili ya gari katika BMW R1200GS ya mwaka 2008 na klachi haijawahi kuteleza. Mbona mnatutisha?

Jibu: Rafiki yako ana pikipiki ya kipekee. GS za injini ya kupozwa kwa hewa na oili zilikuwa na klachi kavu, na giaboksi yenye oili yake, kama gari. Toleo la kupozwa kwa maji lililoanza mwaka 2013 lina klachi inayofanya kazi ndani ya oili, hivyo akibadilisha pikipiki abadilishe na mazoea. Asisahau kwamba zote mbili hazina mnyororo, na gia ya mwisho iliyo kwenye gurudumu la nyuma ina oili yake, tofauti kabisa na ya injini.

Swali (Mbale): Natarajia kwenda Nairobi kupitia Malaba. Nibebe oili kiasi gani, na nikikosa ya aina yangu njiani nifanyeje?

Jibu: Lita moja ya kuongezea inatosha kwa safari nzima, iwe ya oili ile ile uliyoiweka. Pima kila asubuhi pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare, wala isiegemee kigango. Washa injini dakika tatu hadi tano, izime, subiri dakika mbili au tatu oili ishuke, ndipo utazame kidirisha au kijiti. Ukikuta imepungua na huna ya kwako, ongeza yoyote yenye JASO MA na namba zinazokaribiana, hata kama ni ya kampuni nyingine, kwa kuwa kuchanganya nusu lita hakudhuru kama kuendesha na oili pungufu. Usipite alama ya juu, maana oili ikizidi hupigwa na krenki ikatoa povu, na nyingine husukumwa hadi kwenye filta ya hewa.