Nyimbo Tatu Zinatosha

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Mpiga gitaa aliyezeeka na kuugua, aendelee na ziara au apumzike nyumbani?" Mfano mliotupa ni Glenn Tipton, mpiga gitaa wa Judas Priest, bendi ya hevi metali (roki nzito) ya Uingereza, na mmetuomba tujibu bila kuzunguka. Sizunguki. Aendelee, kwa kiasi atakachojipangia mwenyewe, hata kama kiasi hicho ni nyimbo tatu za mwisho wa onyesho. Naomba nafasi nieleze, kwa sababu suala hili linanigusa mara mbili: mimi ni shabiki wa hevi metali tangu ujanani, na baba yangu anaugua Parkinson, ugonjwa uleule wa Tipton.

Kwa wasiomfahamu, Tipton alizaliwa 1947 kule Uingereza, katika ukanda wa viwanda ulio karibu na Birmingham, na aliingia Judas Priest mwaka 1974. Februari 2018, wiki chache kabla albamu ya Firepower haijatoka, bendi ilitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson na kwamba hataweza tena kubeba onyesho zima. Nafasi yake jukwaani ilichukuliwa na Andy Sneap, mmoja wa maprodyuza wa albamu hiyo. Tipton mwenyewe alisisitiza kwamba hajaondoka kwenye bendi, na kwamba siku atakayojisikia vizuri atapanda jukwaani. Kilichotuchoma wengi wetu ni kujua kwamba ugonjwa haukuanza jana. Alikuwa nao kwa miaka, akasafiri nao, akapiga nao, sisi tukiwa mbele ya jukwaa tunapiga kelele bila habari.

Mashabiki tuligawanyika vibaya. Wapo waliosema bendi ifunge virago, kwa sababu mpiga gitaa mwenzake, K.K. Downing, alishaondoka 2011, na Tipton naye akikaa pembeni kilichobaki ni jina tu. Wapo walionong'ona kwamba hata kwenye albamu si yeye aliyepiga. Kundi lililoniumiza zaidi ni lile lililorudi kwenye video za ziara za nyuma, likawa linasimamisha picha, linarudisha, linatafuta palipokosewa. Nilikaa na rafiki yangu akanionyesha sehemu moja: "Umesikia hapo? Amechelewa." Nilisikia. Ila sikusikia alichokisikia yeye. Mimi nilisikia mtu ambaye mkono wake umeanza kumgomea na bado anafika mwisho wa wimbo.

Watu wengi wanadhani Parkinson ni kutetemeka. Kutetemeka kupo, lakini kwa mpiga gitaa si ndiko kubaya kuliko yote. Ndani ya ubongo, seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mijongeo, zinakufa polepole, na mwili unaanza kukakamaa na kuwa mzito. Kinachoharibika mapema ni mijongeo midogo inayojirudia. Daktari anapompima mgonjwa humwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka, tena na tena. Mwanzoni vidole vinafunguka vizuri, kisha nafasi kati yake inapungua, mwendo unalegea, mwisho vinakuwa kama vimegandiana. Kwa baba yangu tuliligundua kwenye mwandiko kabla hatujajua ugonjwa una jina gani. Alikuwa na saini kubwa, ya mtu anayejiamini, herufi ya kwanza ikiwa na mkia mrefu. Siku moja aliweka saini kwenye fomu, nikaona herufi ya kwanza ni ileile, ya pili ndogo, ya tatu ndogo zaidi, na jina likaishia kama mchanga uliomwagika. Niliitazama ile fomu muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Sasa chukua hilo ulipeleke kwenye gitaa. Mkono wa kulia wa mpiga metali unapanda na kushuka juu ya uzi mmoja mara nyingi ndani ya sekunde chache, mjongeo mdogo, sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza. Ni kile kipimo cha daktari kabisa, ila kinafanyika mbele ya maelfu ya watu na kinaendelea kwa karibu saa mbili nzima. Na Judas Priest si bendi ya gitaa moja. Utamu wao wote umejengwa juu ya magitaa mawili yanayotembea pamoja: moja linashika sauti ya chini, jingine linapanda juu yake kidogo, yanaongozana kama ndugu wawili njiani. Mmoja akichelewa hata kidogo, msikilizaji asiyejua chochote kuhusu muziki atahisi kuna kitu kimeharibika. Ndiyo maana ninapomsikia mtu akisema Tipton "alikata tamaa" nakasirika. Mtu aliyejenga sauti ya namna hiyo alikuwa wa kwanza kujua kwamba haiwezi tena, na aliamua kumpisha mwingine kuliko kuiharibu. Nani kati yetu angeweza kufanya hivyo na kazi aliyoifanya zaidi ya miaka 40?

Kisha ikaja ile Machi 2018, siku chache baada ya ziara kuanza, kule Newark, Marekani. Mwisho wa onyesho Tipton akatokea, akapiga nyimbo tatu: Metal Gods, Breaking the Law, na Living After Midnight. Wakosoaji walisema ni nyimbo nyepesi. Ndiyo, ni nyepesi kuliko Painkiller, wimbo wao wa kasi kubwa, na ndiyo sababu zikachaguliwa. Kuna jambo jingine ambalo anayeishi na mgonjwa wa Parkinson atalielewa upesi: dawa. Wengi wanatumia levodopa, na dawa hiyo ina saa zake. Kuna muda inashika, mtu anatembea, anafunga vifungo vya shati, anacheka. Kuna muda inaisha nguvu, na yuleyule wa nusu saa iliyopita hawezi kuinua kikombe. Huwezi kuuamuru mwili ufunguke saa mbili usiku kwa sababu tiketi imeandikwa saa mbili usiku. Siyajui ya nyumbani kwa Tipton wala matibabu yake. Ila kwa mgonjwa wa Parkinson, nyimbo tatu zinazopigwa barabara si zawadi ndogo.

Nikubali pia kwamba upendo wa mashabiki una nguvu, na wakati mwingine unaona sawasawa. Januari 2022 bendi ilitangaza kwamba itaendelea na watu wanne jukwaani, gitaa likiwa moja la Richie Faulkner, na Sneap arudi kwenye kazi ya uprodyuza. Mashabiki walikataa, na walikataa kwa sauti. Ndani ya siku chache tu uamuzi ukabadilishwa, Sneap akarudishwa, na mwimbaji wao, Rob Halford, baadaye akasema wazi kwamba wazo lile lilikuwa lake. Nilikuwa miongoni mwa waliokasirika. Hatukuwa tunambagua mtu. Tulijua kwamba sauti ile ya magitaa mawili ndiyo kazi ya maisha ya Tipton, na kuipunguza ilikuwa kama kumpunguza yeye akiwa bado yupo.

Huyo Faulkner naye ana lake. Septemba 2021, akiwa jukwaani Louisville, Marekani, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo ulipasuka katikati ya wimbo. Akamaliza wimbo, akapelekwa hospitali, akafanyiwa upasuaji wa saa nyingi. Mwaka 2025 akaeleza kwamba baadaye alipata pia kiharusi, na mkono wake wa kulia haujawa kama zamani. Kwa hiyo kwa miaka mitatu hivi, wale wenye kusimamisha video na kurudisha walikuwa wanamhukumu mtu asiye na afya tena, na safari hii si mzee. Alizaliwa 1980.

Mfano unaonifariji ni wa jirani yao, Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, naye mtu wa Birmingham. Mwanzoni mwa 2012, miezi miwili tu baada ya bendi kutangaza kurudi pamoja, ikajulikana ana saratani ya limfu. Hawakuifuta kazi. Waliipanga upya: wiki kadhaa safarini, kisha nyumbani kwa matibabu, kisha safarini tena. Albamu ikatoka 2013, na onyesho la mwisho la ziara ya kuaga wakalifanya mjini kwao tarehe 4 Februari 2017. Tukumbuke huyu ndiye aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana wa miaka 17, akajitengenezea vifuniko kwa plastiki ya chupa aliyoiyeyusha, akaendelea kupiga. Nani atamwambia mtu wa aina hiyo akae chini?

Sharti langu ni moja tu, na ni kwa waandaaji: tangazeni ukweli kabla ya kuuza tiketi. Semeni nani atapiga onyesho zima, nani atatokea mwishoni, na nani huenda asitokee. Shabiki akishaambiwa hana dai. Mimi ningelipa nauli na kiingilio kwa ajili ya zile nyimbo tatu, na hata usiku ambao asingetokea nisingemnung'unikia.

Ile video ya Newark niliitazama pamoja na baba. Muziki huu haujawahi kumpendeza. Kwake ni kelele. Nilimweleza tu kwamba yule mwenye gitaa pale ana ugonjwa kama wake. Akavuta kiti karibu, akaweka mkono wake wa kulia chini ya ule wa kushoto ili utulie, akatazama hadi mwisho bila kusema neno. Hakuuliza bendi inaitwaje, wala wimbo. Alinigeukia akaniuliza, "Mwanangu, huyu dawa alikunywa saa ngapi?"