Ngao dhidi ya upanga wa mikono miwili: usikimbilie kuongeza namba

Kama nimekuelewa, katika mchezo wa kuigiza wa dadu unaoutunga, ngao yako ya +2 (inayoongeza 2 kwenye namba ambayo adui lazima aifikie kwenye dadu ili apige) haina mteja. Wachezaji wote wanachukua upanga wa mikono miwili. Piga hesabu kwanza. Upanga wa mkono mmoja (dadu ya pande 8, kisha jumlisha 3) hutoa madhara ya wastani wa 7.5; ule mkubwa (dadu mbili za pande 6, +3) hutoa 10, theluthi moja zaidi. Adui anayehitaji 11 au zaidi kwenye dadu ya pande 20 hufanikiwa kupiga mara 10 kati ya 20. Mbele ya ngao, mara 8. Mwenye ngao anadumu robo zaidi tu, basi wachezaji wako hawajakosea.

Ila mvike mwenye ngao deraya nzito, adui ahitaji 16 kabla ya kuhesabu ngao: mara 5 zinashuka hadi 3, na anadumu theluthi mbili zaidi. Ukiipandisha ngao hadi +4, huyo atapigwa kwa 20 pekee.

Iache +2, ongeza tendo: mara moja kwa raundi, ngao ipunguze madhara ya pigo moja kwa dadu ya pande 6. Mwenye ngao atangaze kabla dadu ya madhara haijarushwa, la sivyo mtabishana kila pigo. Na mwenye upanga mkubwa asishike mwenge, maana mikono yake yote miwili ina kazi. Hili husahaulika mno.

Jaribu dhidi ya adui mmoja mkubwa, kisha kundi la wadogo, ambapo tendo hilo hupungua nguvu.